Begi la Usiku Mmoja

Rafiki yangu wa kijiji cha jirani aliponialika kwenda kuwinda sungura, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Ilikuwa majira ya baridi, watu wa kwao wamekwisha kuvuna mahindi na karanga, na mwenye kijiji alikuwa ameruhusu vijana wapande vilimani na mbwa wao, wawapunguze sungura waliokuwa wakijilia mashambani kwa kujiamini, utadhani ndio waliolima. Utaratibu wao ni kupanda jioni, kulala huko juu, na kuwaachilia mbwa alfajiri. Usiku mmoja tu. Alinieleza hayo akiwa amekaa kwenye kiti changu cha kunyolea, kitambaa shingoni, nami mashine mkononi, kwa hiyo wateja wote waliokuwa wakingoja zamu walisikia. Jambo likishasikika katika kibanda cha kinyozi hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi nchini Malawi, redio haina kazi tena.

Nilimwambia kwamba kwetu uwindaji uko kwenye damu. Babu yangu aliwinda katika milima ya Fizi, huko Kongo, kwa nyavu na mkuki. Sikumwambia kwamba mimi nilizaliwa Uvira mjini, na kwamba mnyama mkubwa kuliko wote niliyewahi kumuua ni panya wa jikoni, kwa ndala, tena baada ya kumkosa na kuvunja kikombe.

Mtu mwingine angeuliza tunaondoka saa ngapi. Mimi niliingia kwenye simu kutafuta begi. Huko nikakutana na wazungu wenye ndevu zilizochongwa vizuri, wakieleza kwa uchungu wa kweli kwamba mtu akikosea ukubwa wa begi la kuwindia, safari imekwisha kuharibika. Begi likiwa dogo, utaganda kwa baridi. Likiwa kubwa, utalijaza upuuzi na mgongo wako utakulaani. Mabegi yao hupimwa kwa lita. Mimi lita nilizijua za mafuta ya kula na za maji ya kisimani, ila sikutaka kuonekana mshamba mbele ya simu yangu mwenyewe, nikaendelea kusoma. Kwa usiku mmoja, walisema, lita arobaini zinatosha, lakini mwindaji mwenye akili hubakiza nafasi ya nyama.

Hilo la nafasi ya nyama liliniingia moyoni. Nyumbani kwetu nafasi ya nyama haijawahi kuwa tatizo. Sufuria nzima ni nafasi ya nyama. Nikaona kwamba hatimaye nimekutana na watu wanaonielewa.

Basi nikafunga kibanda, nikaomba ruhusa ya kutoka kambini, maana kwetu sisi kwenda Lilongwe kununua begi ni safari ya kimataifa, nikaenda hadi Old Town. Karibu na kituo cha mabasi wako wanaouza kaunjika, nguo na mabegi ya mitumba, yametundikwa juu mpaka jua halioni chini. Muuzaji niliyemwangukia alikuwa kijana mwenye utepe wa fundi cherehani shingoni, ingawa hapakuwa na kitu cha kupima. Akaniuliza kwa Kichewa nakwenda wapi. Nikamwambia nakwenda kuwinda, usiku mmoja. Alicheka sana. Akasema wote wanaonunua yale makubwa huwa wanakwenda kuwinda, au kuvua samaki Salima, au kumsalimia shangazi, kisha wote hupanda magari ya upande ule. Akanionyesha kwa kidevu mabasi yanayoelekea kusini.

Alichonishushia kilikuwa begi la kijani la lita sitini na tano. Lita zenyewe zimeandikwa ubavuni, kwa hiyo hatukubishana. Lilikuwa na mkanda wa kiunoni, mfuko wa siri wa kuwekea vyeti, na filimbi ndogo kwenye kifungo cha kifuani, ya kupuliza mtu akipotea porini ili waje kumwokoa. Nani atakuja, hawakuandika.

Nikalivaa. Muuzaji akanikaza mkanda, na uzito wote ukahama mabegani ukakaa kiunoni. Nikasimama wima kama mtu asiye na mke, asiye na mtoto, asiye na kadi ya mgao wala foleni ya kuipeleka. Sikuwa na mpango wa kwenda popote. Lakini lazima niseme ilikuwa tamu. Nilitembea kidogo mbele ya kile kibanda, nikageuka, nikarudi, na katika matembezi yale mafupi nilikuwa nimekwisha kuvuka Msumbiji. Nililipa bila kuomba apunguze.

Mtu mwenye busara angelitia ndani ya gunia la mchele, akaingia nalo kambini kama mtu aliyenunua mchele. Mimi nililivaa. Nilishuka barabarani jioni, saa ambayo kila mtu amekaa nje akingoja kitu cha kutazama, nikapanda baiskeli ya kabaza, zile za kubeba abiria, nikapita katikati ya soko na lita zangu zote mgongoni. Ninyi msioishi hapa hamjui. Kwetu begi kubwa la mgongoni ni tangazo. Mwanamume akionekana nalo, hakuna anayemwuliza anakwenda wapi, kwa sababu ni mahali pamoja tu: Afrika Kusini, ambayo Wamalawi huiita Joni. Tena hakuna anayeaga. Mtu husema anakwenda kulala usiku mmoja mjini, mtaa wa Biwi, kwa rafiki, na habari yake inayofuata huja kwa namba ya simu ambayo hakuna aijuaye.

Kwa hiyo wote waliniona, na wote wakaelewa. Mwendesha kabaza aliponishusha mlangoni alinishika mkono kwa mikono miwili na kunitakia safari njema. "Zikomo," nikamshukuru kwa Kichewa, nikidhani ananitakia safari njema ya kutoka barabarani hadi sebuleni. Kesho yake kibandani nikapokea wageni wengi kuliko wateja. Kiongozi wa kwaya yetu alikuja kuniuliza, kwa sauti ya msibani, nani nadhani anaweza kushika besi. Jirani yangu wa kutoka Kindu, muuza sukari na majani ya chai, mtu mpole sana, alizunguka kile kiti cha kunyolea, akaubonyeza mto wake, akasema kama ninakiuza basi nimkumbuke kwanza yeye kwa ajili ya ujirani. Na mama mmoja mzee wa nyumba ya pili akaniletea samaki wakavu waliofungwa vizuri kwenye karatasi, nimpelekee mwanawe huko Joni.

"Mama, mi naenda tu kuwinda sungura," nikamwambia. "Usiku moja."

"Njo vile, mutoto wangu," akanijibu huku akinikonyeza. "Hata yeye alisemaka anaenda kuwinda. Ukimuona, umwambie anipigie simu."

Nilicheka na kila aliyekuja. Nilicheka mpaka nikarudi nyumbani na wale samaki mkononi, nikamkuta mke wangu amekaa chini, begi liko mapajani mwake, anaupitisha mkanda wa kiunoni katikati ya vidole.

"Hii ni ya usiku ngapi?" akauliza.

"Moja."

"Moja," akasema. Akaliweka begi kando, akaenda kuchambua mboga.

Sasa lazima nieleze habari za mlango, la sivyo mtamwona mke wangu kuwa mtu wa ajabu, na yeye ni wa ajabu kiasi tu. Alikuwa na kaka mmoja. Huyo shemeji yangu alitoka siku moja na begi kubwa mgongoni, akasema analala usiku mmoja mjini, mtaa wa Area 49, kwa fundi seremala mwenzake. Akapiga simu mara moja kutoka Joni, akasema kule ni baridi, kisha ikawa kimya mpaka leo. Mama yao alikataa kabisa kufunga mlango usiku. Alisema mtoto wake hawezi kurudi usiku akabisha hodi kwao kama mgeni. Wezi waliheshimu sana imani yake. Walikuja wakachukua sufuria, wakaja tena wakachukua redio, wakaja mara nyingine, nafikiri kwa mazoea tu, wakachukua beseni lililotoboka. Kila asubuhi yule mama aliinuka, akatazama kilichobaki, na jioni akaacha mlango wazi tena. Alifariki mlango ukiwa wazi.

Mke wangu akarithi nyumba ile, pamoja na chuki ya milango iliyo wazi. Akanunua mnyororo na kufuli. Kila jioni, kabla giza halijakomaa, huupitisha mnyororo kwa ndani kwenye tundu la mlango na la fremu, akalibana kufuli kwa kiganja, kak. Ni yale makufuli yanayojifunga yenyewe bila ufunguo, lakini kuyafungua bila ufunguo huwezi. Na ufunguo wetu ni mmoja, maana wa pili ulinitumbukia chooni. Huo mmoja hulala chini ya mto wake. Kwa miaka nimekuwa nikimtania kwamba tunalinda sahani zetu kama benki inavyolinda dhahabu. Hajawahi kucheka.

Basi, kesho yake baada ya lile swali la usiku ngapi, alfajiri mke wangu hakuwapo. Wala begi halikuwapo. Alirudi kutoka Old Town alasiri, hana haraka, na mkononi ameshika begi la mtoto wa shule. Lilikuwa la zambarau. Mbele lilichorwa sungura anayecheka, ameshika karoti. Nilikuwa nakwenda kuwinda sungura nikiwa nimembeba ndugu yao mgongoni.

"Hii ni ya mutoto wa shule," nikasema.

"Usiku moja, njo ukubwa yake."

"Blanketi haiingie."

"Kitenge itaingia."

"Na nafasi ya nyama?"

"Nyama utashika na mukono. Batu baone."

Nikamtolea somo lote la lita, mgongo, mkanda, na mwindaji mwenye akili. Alinisikiliza vizuri sana, mikono kiunoni, mpaka nikamaliza.

"Bale bazungu," akasema, "wakati banapanga ile sakado ya mugongo, bibi zabo banakuwaka wapi?"

Wazungu hawakuwa wameandika chochote kuhusu hilo.

Siku ya safari alipanga vitu yeye mwenyewe, akanikataza hata kusogea. Niliona bugali baridi ukiingia, ndagala za kukaanga, yaani dagaa wa kwetu, chumvi kwenye karatasi, kiberiti, chupa ya maji, na juu kabisa kitenge chake kilichokunjwa. Zipu alilazimika kuifunga kwa goti. Binti yetu alisimama mlangoni akiliangalia lile begi kwa macho ya mtu aliyenyang'anywa haki yake. "Utarudia," mke wangu akaniambia. Kwetu kurudia ni kurudi nyumbani. Haikuwa swali, nami nikalivaa begi, nikatoka.

Nilipofika nyumba ya pili, yule mama mzee alinitazama mgongoni, akatazama tena. Akanywea. "Kumbe unaenda kuwinda kweli," akasema kwa masikitiko makubwa, akaenda nyumbani kwangu kuchukua samaki wake. Njia nzima hadi mwisho wa kambi heshima yangu ilipungua kila nilipopita. Kiongozi wa kwaya alinikumbusha mazoezi ya Jumamosi bila hata kusimama. Muuza sukari alinipungia mkono kwa upole, lakini sikumwona tena na furaha ya siku ile.

Kule kijijini wawindaji walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mbwa walinizunguka wakamnusa yule sungura wa zambarau, wakakata tamaa. Rafiki yangu mwenyewe alikuwa na gunia la unga lililofungwa kamba, ndani yake blanketi, sufuria, na unga wa nsima, ugali wa kwao, wa kututosha sote. Sikumwuliza ni lita ngapi. Tulipanda jua likizama, tukawasha moto, tukapika, tukala, na baridi ya vilima vya Dowa ikaja kukaa nasi kama mtu aliyealikwa. Kwa mbali chini tuliona barabara kubwa, taa za malori zikienda moja nyuma ya nyingine.

"Zile, achimwene, ndugu yangu," rafiki akasema kwa Kiswahili alichokiokota kibandani kwangu, "zingine zinafikaka mpaka Joni."

Nikamwambia nasikia baridi. Ilikuwa kweli, lakini niliendelea kuziangalia. Nilikumbuka jinsi ule mkanda ulivyonikaa kiunoni, na nikawaza, pale tu nilipokaa, kwamba kutoka kilimani mpaka barabarani si mbali, na kwamba kwa muda mrefu nyumbani hawangejua. Wazo lenyewe halikukaa. Ila lilipita, na lilipita taratibu kuliko nilivyopenda.

Nikatoa kitenge nijifunike. Nilipokivuta hadi kichwani, kitu kigumu kikanigonga shavuni. Kwenye pembe ya kitenge palikuwa na kifundo, vile wanawake wetu wanavyofunga chenji za sokoni. Nikafurahi, nikadhani amenifungia hela kidogo kwa huruma. Nikakifungua kwa meno. Ulikuwa ufunguo.

Kwanza nilidhani amesahau. Lakini mke wangu hasahau, na kifundo hakijifungi. Nikatazama giza lilivyokomaa, nikaelewa. Saa ile alikuwa amekwisha kupitisha mnyororo na kulibana kufuli kwa kiganja, yumo ndani na binti yetu, na ufunguo pekee wa kuwatoa ninao mimi juu ya kilima. Dirisha letu ni dogo, tena lina nondo. Na choo chetu kiko nje.

Nilimwonyesha rafiki yangu, nikamweleza. Alianza kucheka, kisha akaacha.

"Sasa utafanyaje?"

"Naenda."

"Kwa hii giza utavunjika mguu kwenye shimo. Ngojea kuche." Akachochea moto. "Lakini mbwa njo tunaachilia saa ile ile."

Najua, nikamwambia. Nilikaa macho, ufunguo kiganjani, na taa za barabarani sikuzitazama tena, nilikuwa na kazi. Niliogopa. Nilifikiria kibatari kikianguka, mtoto akishikwa na homa, mtu akipiga kelele za moto na wao wakivuta ule mnyororo. Nilipochoka kuogopa nilikasirika, nikaanza kuandaa hotuba. Niliiandaa kwa Kifaransa, kwa sababu hasira yangu hupendeza zaidi kwa Kifaransa.

Tulipoanza kuona miguu yetu, mbwa wakaachiliwa, wakapanda. Mimi nikashuka. Nyuma yangu nilisikia makelele matamu ya uwindaji wenyewe, ule ulioko kwenye damu yetu, yakizidi kwenda mbali. Katikati ya mteremko sungura mmoja mnene alikatiza njia, akasimama, akaniangalia bila wasiwasi wowote, akaendelea na shughuli zake. Hiyo ndiyo nyama niliyoiona katika safari yangu nzima ya kuwinda.

Niliingia kambini nikikimbia, begi la zambarau likirukaruka mgongoni, wanawake wakiwa kwenye foleni ya maji. Hakuna aliyenisalimia, walikuwa wameshughulika kunitazama. Nikafika mlangoni, nikabisha hodi.

"Ni nani?" Sauti yake ilikuwa karibu sana, chini, nyuma kabisa ya mlango.

"Ni mi."

Nikapiga magoti, nikapitisha ufunguo chini ya mlango. Uliondoka vidoleni mwangu haraka. Nikasikia kufuli, kisha mnyororo ukitelemka. Binti yetu alitoka mbio akanipita bila kunitazama, akielekea chooni. Mke wangu alikuwa amesimama amevaa vile vile alivyovaa jana yake. Nyuma yake, mkeka ulikuwa umetandikwa pale pale mlangoni, na palikuwa na ndoo moja ambayo sikuiuliza.

Nikaifungua hotuba. Na kama moto ungewaka? Na kama mtoto angeugua? Na kama ningevunjika mguu huko? Nilikwenda vizuri, kwa Kifaransa safi, watu wa foleni wakisikiliza, mpaka nikasikia mdomo wangu ukitoa swali ambalo sikuwa nimeliandaa, tena kwa Kiswahili.

"Na kama singerudia?"

Alikuwa anaukunja mnyororo mkononi, pingili kwa pingili, bila haraka.

"Kaka yangu, mama alimuwachiaka mulango wazi kila usiku," akasema. "We ulimuona arudie?"

Nilivua begi, nikaliweka chini, nikamwuliza kama kuna chai.